Herufi za kwenye gunia la kahawa: AA, B, PB na TT zina maana gani?

Siku moja nikiwa sokoni Mbamba Bay nilimkuta mama mmoja akiuza usipa wakavu. Alikuwa akiwamwaga kutoka kwenye gunia kuukuu la katani, na ubavuni mwa gunia hilo palikuwa na herufi mbili kubwa nyeusi: AA. Kijana aliyekuwa akipimiwa akauliza kwa utani, "Mama, hawa ni usipa wa betri za redio?" Yule mama akacheka, akamjibu kwamba gunia lilishuka na lori kutoka Mbinga, lilikuwa la kahawa, na maandishi yale ni mambo ya Wazungu.

Nilicheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa napanda milima kurudi Mbinga nilianza kulifikiria jibu lile, kwa sababu nimelisikia pia kwa watu wanaolima kahawa yenyewe. Mkulima wa Litembo, wa Maguu, wa Langiro au wa Tingi anaweza kuhudumia mibuni miaka thelathini, akaijua kila siri ya shamba, lakini akipewa karatasi yenye AA, A, B, PB, C, AF na TT anaikunja na kuiweka mfukoni. Na humo ndimo ilimoandikwa hesabu ya jasho lake la mwaka mzima.

Kwa hiyo leo tuzifungue herufi hizo moja baada ya nyingine. Makala hii ni ndefu kidogo. Ihifadhi kwenye simu yako, na siku karatasi ikifika uifungue pembeni yake.

Herufi zinapatikana wapi?

Tuanze na safari ya kahawa yenyewe, maana herufi hizi hazitoki shambani. Unachuma kahawa mbivu, nyekundu. Inamenywa, inavundikwa, inaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Ikikauka inabaki na ganda jembamba la rangi ya manjano iliyopauka. Hiyo ndiyo kahawa ya maganda, na ndiyo unayopeleka kwenye Chama cha Msingi cha Ushirika, yaani AMCOS.

Kahawa ya maganda bado haina AA wala B. Inayo herufi nyingine, P, ambayo wanachama wanaotumia mitambo ya pamoja ya kumenya, ile tunayoiita CPU, wanaifahamu. P1 ni kahawa nzito iliyozama vizuri wakati wa kuosha. P2 inafuatia, kisha P3. Zile nyepesi zinazoelea huwekwa kando peke yake. Huo ni mchujo wa kwanza, na unafanywa na maji.

Kahawa inapofika kiwandani, kwa mfano hapa kwenye kiwanda cha kukoboa cha Mbinga, ganda linaondolewa. Kinachobaki ni punje za kijani zinazoitwa kahawa safi. Katika kila kilo 100 za maganda zilizokauka na kuandaliwa vizuri, tarajia kupata kahawa safi kama kilo 80. Zile 20 zilizobaki ni ganda, ngozi na vumbi. Mtu akiona kilo zimepungua asidhani moja kwa moja kwamba ameibiwa. Lakini zikipungua sana kuliko hapo ana haki ya kuuliza sababu.

Baada ya kukobolewa ndipo punje zinapitishwa kwenye chekeche, na hapo ndipo herufi zinapozaliwa.

Chekeche ndilo linaloamua

Bibi zetu walichekecha unga: mwembamba ulipita, chenga zikabaki juu. Chekeche la kahawa linafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba ni sahani za chuma zenye matundu ya mviringo yaliyopimwa kwa uangalifu mkubwa. Kila sahani ina namba. Namba hiyo inahesabu upana wa tundu kwa sehemu za 64 za inchi. Sahani namba 18 ina tundu la 18/64 ya inchi, karibu milimita 7.1. Namba 17 ni karibu milimita 6.7. Namba 16 ni milimita 6.3 na kidogo, na namba 15 ni karibu milimita 6.

Punje ikishindwa kupita kwenye namba 18 inabaki juu na kupewa herufi yake. Ikipita, inaangukia namba 17, na kuendelea hivyo hadi chini. Baada ya hapo upepo unapulizwa kwenye kila fungu ili kutoa punje nyepesi. Ndiyo maana karatasi yako ina herufi za aina mbili: zinazoeleza ukubwa na umbo, na zinazoeleza wepesi.

Herufi moja moja

AA. Hizi ni punje kubwa zilizobaki juu ya chekeche namba 18. Herufi hizi si kifupi cha maneno yoyote. Ni jina tu la daraja la juu kwa ukubwa.

A. Zimepita namba 18 zikazuiliwa na namba 17. Tofauti yake na AA ni chini ya nusu ya milimita. Ukizichanganya kiganjani, kwa macho matupu utahangaika kuzitenganisha.

B. Ni punje za wastani, zinazobaki kwenye namba 16 na 15. Usiione B ukadhani umefeli mtihani. Ni kahawa nzuri yenye wanunuzi wake, na kwa wakulima wengi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo.

C. Ni punje ndogo zilizopita kwenye matundu ya B. Bei yake hushuka kwa kuwa wakaangaji hupenda punje zinazolingana na zenye mwili.

PB. Hiki ni kifupi cha jina la Kiingereza linaloifananisha punje hii na njegere. Kwa kawaida tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana, na ndiyo maana kila punje ina upande bapa. Lakini mara nyingine punje moja tu ndiyo inayokua, na kwa kuwa haina mwenzake wa kuibana inakuwa ya mviringo. Huenda katika matunda 100 ukakuta matano hadi kumi ya namna hiyo. Chekeche lake lina matundu marefu membamba badala ya mviringo. Wako wanaoitupa kwa kudhani ni kasoro. Usiitupe kamwe. PB ya Tanzania ina jina kubwa, hasa Marekani, na mara nyingi bei yake hukaribia au hata kupita ya AA.

E. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la tembo. Hizi ni punje kubwa kupita kiasi, mara nyingi ni mbili zilizoshikana na kukua kama moja. Ukubwa wake unatisha, lakini huwa chache, na zikikaangwa huachana na kuungua bila ulinganifu.

AF. Hapa tunaingia kwenye wepesi. AF ni punje zenye ukubwa wa AA na A, lakini ndani hazikujaa, kwa hiyo upepo umezipeperusha. Ni kama hindi lenye gunzi kubwa na punje zilizopwaya.

TT. Hizi pia ni nyepesi zilizotolewa na upepo, ila zinatoka kwenye punje ndogo kuliko za AF, hasa zile za ukubwa wa B.

F. Ni nyepesi, ndogo na zilizovunjika. Hukaa chini kabisa kwenye orodha ya bei.

UG. Ni kahawa ambayo haikuingia kwenye madaraja hayo mengine. Inaweza kuwa na ukubwa wa kila aina pamoja na mapungufu mengine.

Herufi haipimi ladha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakiwemo baadhi ya wanunuzi wa kahawa ya kikombe mijini. AA maana yake ni punje kubwa. Chekeche halina ulimi. Kahawa inaweza kuwa AA na bado ikanuka uvundo kwa sababu ilivundikwa siku nyingi mno au ilianikwa chini kwenye udongo. Na B iliyochumwa mbivu, ikamenywa siku hiyo hiyo na kuanikwa vizuri, inaweza kuishinda AA hiyo mbali sana.

Ladha inapimwa na watu. Waonjaji hukaanga sampuli kidogo, huisaga, humimina maji ya moto, kisha huifyonza kwa kijiko na kuitema. Huangalia harufu, uchachu mzuri, uzito mdomoni na kasoro. Matokeo yao huandikwa kwa namba ya daraja la ladha, na namba ndogo ndiyo bora. Wanunuzi wa kahawa maalumu nao hutumia alama kati ya 100, na kahawa inayofikisha 80 au zaidi huhesabiwa kuwa maalumu.

Kwa hiyo loti moja ya kahawa ina majina mawili: herufi ya ukubwa na namba ya ladha. Ukisikia kwenye taarifa zetu za mnada kwamba AA imeuzwa kwa bei fulani, uliza pia: AA ya daraja gani la ladha? Loti mbili za AA zilizouzwa asubuhi moja zinaweza kupishana bei kwa kiasi kikubwa kwa sababu hiyo tu.

Tufanye hesabu kidogo

Kwa miaka mingi mnada wa kahawa wa Moshi ulikuwa ukitaja bei kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50 za kahawa safi. Zingatia mambo mawili hapo: ni kilo 50, si kilo moja, na ni kahawa safi, si ya maganda. Nimewahi kusikia ugomvi mkubwa kwenye mkutano wa ushirika ulioanza kwa sababu mtu mmoja aliigawanya bei hiyo kwa kilo za maganda.

Tuchukue mfano. Bei nitakazotaja ni za kujifunzia tu, sio za msimu wowote.

Kikundi kimepeleka kilo 1,000 za maganda. Zimekobolewa na kutoa kilo 800 za kahawa safi. Karatasi inaonyesha hivi:

AA kilo 120, kwa dola 200 kila kilo 50: dola 480.
A kilo 240, kwa dola 195: dola 936.
B kilo 220, kwa dola 185: dola 814.
PB kilo 60, kwa dola 195: dola 234.
C kilo 60, kwa dola 150: dola 180.
AF, TT na F kwa pamoja kilo 100, kwa dola 100: dola 200.

Jumla ni dola 2,844. Ukiigawa kwa mafungu 16 ya kilo 50 unapata dola 178 hivi kwa kila fungu. Lakini redioni ulisikia kwamba AA imeuzwa dola 200! Hakuna aliyekuibia. Dola 200 ni bei ya kilo 120 tu kati ya 800. Na ukitaka kujua kilo moja ya maganda imeleta nini, gawa 2,844 kwa 1,000: dola 2.84, kabla ya gharama za kukoboa, usafiri, ushuru na makato mengine.

Sasa tuseme kilo 60 kati ya zile 100 nyepesi zingekuwa zimejaa vizuri na kuingia kwenye B. Nyepesi zingebaki kilo 40 na kuleta dola 80. B ingekuwa kilo 280 na kuleta dola 1,036. Jumla mpya ni dola 2,946. Ni dola 102 za ziada kwa uzito ule ule, kwa gunia lile lile, kwa lori lile lile. Fedha hizo zilikuwa zimejificha kwenye herufi mbili za TT.

Kwa nini karatasi yangu imejaa TT na AF?

Punje haijazwi kiwandani. Chekeche linakuja kukuambia kilichotokea shambani miezi mingi iliyopita. Punje ikikosa kujaa, chunguza haya.

Ukame wakati tunda linakua. Punje hujengeka miezi kadhaa baada ya maua. Jua likichoma wakati huo, tunda linakuwa na umbo lakini ndani limepwaya. Matandazo na miti ya kivuli husaidia kutunza unyevu. Wazee wetu wa Umatengo walilijua jambo hili la kuhifadhi udongo na maji muda mrefu kabla ya kahawa kufika. Ngoro zetu, vile vishimo vilivyopangwa kwenye miteremko, ni ushahidi.

Kubeba kupita nguvu. Mbuni usiopogolewa na usiolishwa ukizaa sana, kila tunda linapata chakula kidogo. Mwaka unaouona kuwa wa neema ndio karatasi inajaa C na TT.

Magonjwa na wadudu. Kutu ya majani hupukutisha majani, na jani ndilo jiko la mmea. Chulebuni huozesha tunda lenyewe. Ruhuka hutoboa punje. Aina za zamani kama N39 na KP423 zinasumbuliwa na magonjwa hayo mawili ya kwanza, na hivyo zinadai dawa na uangalizi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, imetoa miche chotara inayostahimili kutu na chulebuni, na kwa upande wetu kituo chake kipo Ugano, hapa hapa Mbinga. Unaweza kwenda kuuliza.

Kuchuma kabla ya wakati. Tunda la kijani linatoa punje ndogo, nyepesi na yenye ladha chungu. Njaa ya Aprili na Mei ndiyo inayochumisha kahawa mbichi, najua. Nimezaliwa kwenye nyumba ya mibuni. Lakini tunda la kijani unaloliuza leo ungelilipwa zaidi kama ungelipa nafasi ya kuiva.

Kumenya vibaya. Mashine iliyofungwa vibaya inakata punje. Punje iliyokatwa huishia kwenye F hata kama ilizaliwa AA.

Kukausha vibaya. Kahawa inatakiwa ifike kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 10.5 hadi 12. Ikiwa mbichi zaidi inaota ukungu, ikikauka kupita kiasi inavunjika wakati wa kukobolewa.

Loti ni ya wote

Kuna jambo ambalo karatasi haikuambii waziwazi. Kwenye AMCOS kahawa yako huchanganywa na ya wenzako ili kupata loti inayotosha kuuzwa. Herufi zitakazotoka ni za loti nzima, na kila mmoja hulipwa kwa kilo zake kulingana na wastani.

Maana yake ni kwamba gunia moja lenye ukungu halimuumizi mwenyewe peke yake. Linaingia kwenye kikombe cha muonjaji pamoja na kahawa yako uliyoianika kwa uangalifu, ukiifunika kila mvua inapotishia. Namba ya ladha ikiporomoka, inaporomoka kwa wote. Ndiyo maana karani wa mapokezi anayekataa gunia la jirani yako hakufanyii uadui wewe wala jirani. Analinda bei ya kijiji. Na karani anayepokea kila kitu kwa sababu ya kujuana anakugharimu wewe ambaye hukuwepo pale.

Majirani wanaandikaje?

Usishangae ukikutana na herufi tofauti, maana kila nchi ina mtindo wake.

Kenya inatumia AA, lakini baada yake kuna AB, ambayo ni A na B zikiwa pamoja. Kahawa iliyokaushwa na tunda lake huko huitwa Mbuni, na hupewa MH ikiwa nzito na ML ikiwa nyepesi.

Uganda, ambako robusta ndiyo nyingi, hutumia zaidi namba za chekeche zenyewe: 18, 15, 12. Wenzetu wa Kagera wanaolima robusta nao huuza kwa namba kama hizo. Kwa hiyo jamaa yako wa Bukoba akikuambia kahawa yake ni "18", anazungumzia chekeche lile lile linalotoa AA yako, ila aina ya kahawa ni nyingine.

Ethiopia hupanga kwa namba kwa kuhesabu kasoro. Guatemala na majirani zake wana SHB, herufi zinazoeleza ugumu wa punje unaotokana na kulimwa mwinuko wa juu. Colombia hutumia majina, Supremo kwa punje kubwa na Excelso kwa zinazofuata.

Na Japani kuna jambo la kufurahisha. Kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, huruhusiwa kuuzwa huko kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo kahawa ya Litembo inaweza kuwa mezani Tokyo sasa hivi, ikinywewa na mtu anayeamini imetoka kwenye kivuli cha mlima wenye theluji. Jina limebadilika, lakini herufi kwenye gunia ni ile ile iliyotoka kwenye chekeche.

Magoma: kuuza kabla ya herufi

Siwezi kufunga makala hii bila kugusa magoma. Kila msikilizaji wa Mbinga anajua ninachosema. Mtu ana shida, mtoto anatakiwa kuripoti shuleni, mgonjwa yuko hospitali, na kahawa bado ni maua. Anatokea mwenye fedha, anatoa kiasi kidogo leo, na mavuno yakifika anabeba magunia.

Baba yangu mdogo alifanya hivyo mwaka niliomaliza darasa la saba. Ulikuwa mwaka mzuri wa mvua. Nakumbuka tulivyokaa kwenye jamvi tukichambua kahawa yake, punje zikiwa zimenona, naye hakusema neno. Magunia yalipopakiwa alisimama mlangoni mpaka gari likapotea kwenye kona. Hakuwahi kujua kahawa ile ilitoa AA ngapi. Karatasi yake, kama ilikuwepo, ilikwenda kwa mtu mwingine.

Sitamhukumu, na sitakuhukumu wewe. Shida haina adabu. Lakini ujue kwamba anayenunua magoma ananunua pia herufi zako. Anachukua AA, A na PB kwa bei ambayo inaweza kuwa chini hata ya TT. Kama kuna namna ya kukopa kwenye chama chako au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kwa dhamana ya mavuno, ukabaki na haki ya malipo ya mwisho, ifikirie njia hiyo kwanza.

Isome karatasi yako hivi

Karatasi ya matokeo ikifika ofisini kwenu, mwombe katibu au meneja aiweke mezani, na muisome pamoja kwa mpangilio huu.

Kwanza, namba ya loti. Hakikisha ni ya chama chenu na ya msimu huu.

Pili, kilo za maganda zilizopokelewa kiwandani. Linganisha na kilo zilizopakiwa kwenye lori siku ile.

Tatu, kilo za kahawa safi zilizotoka. Gawa kwa kilo za maganda, zidisha kwa 100. Mkipata karibu 80, ni vizuri. Mkipata 70, ulizeni kwa adabu lakini ulizeni.

Nne, kilo za kila herufi. Jumlisheni wenyewe, muone kama zinafikia kilo za kahawa safi.

Tano, namba ya ladha kwa kila herufi.

Sita, bei ya kila herufi, mkikumbuka ni kwa kilo ngapi na kwa fedha gani, pamoja na kiwango cha kubadilishia dola siku hiyo.

Saba, makato, moja moja kwa jina lake. Kato lisilo na jina lisipite.

Mzee ambaye hakusoma anaweza kwenda na mjukuu mwenye simu yenye kikokotoo. Si aibu. Aibu ni kuwa na jasho la mwaka mzima kwenye karatasi usiyoijua.

Na yule mama wa Mbamba Bay, nilipopita tena kununua usipa, nilimweleza herufi zile ni za nini. Alinisikiliza huku akifunga fundo la mfuko, kisha akaniambia, "Kumbe. Kaka yangu ana mibuni kule Tingi. Ngoja nimpigie jioni, nimuulize yeye anapata ngapi za hizo."

Ndugu msikilizaji, na wewe mpigie mtu. Karatasi ya msimu uliopita ikiwa bado ipo nyumbani, itoe, ikunjue, uisome. Na ukikuta herufi ambayo hatukuitaja hapa, tuletee swali kwenye kipindi chetu cha wakulima, tutalitafutia jibu na kulisoma hewani.